Nimeombwa kuandika mapitio ya filamu na sijasomea: nina haki gani?

*"Shikamoo mwalimu. Niko Mwanga, Kigoma. Hapa mtaani kuna ukumbi mdogo unaoonyesha filamu huru kila Jumamosi jioni, zile ambazo huzikuti kwenye vibanda umiza wala kwenye televisheni. Mwenye ukumbi ameniomba niwe naandika mapitio ya ukurasa mmoja, anayabandika mlangoni na kuyatuma kwenye kundi la WhatsApp la watazamaji. Nimeshaandika matatu na yote yamenisumbua. Ya kwanza nilisimulia filamu mwanzo mpaka mwisho, watu wakalalamika nimewamalizia utamu. Ya pili ilikuwa filamu ya Afrika Magharibi, mzee anatembea tu karibu nusu saa. Nikaandika kwamba inachosha na picha zina giza, ila moyoni sina uhakika kama kosa ni la filamu au ni langu. Ya tatu imetengenezwa na kijana wa Ujiji, rafiki wa kaka yangu. Inahusu binti anayeuza mawese huku akimsubiri baba yake aliyeingia ziwani. Kuna pahala anamimina mawese kwenye chupa, mpaka leo sijapasahau. Lakini wazee wakiongea ufukweni husikii kitu, upepo mtupu. Nikaisifia yote, na usiku huo sikulala vizuri. Mimi nimeishia kidato cha nne. Nina haki gani ya kumkosoa mtu? Na je, nitoe nyota ngapi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye neno moja: haki. Umelitumia kana kwamba mwenye ukumbi amekukalisha kwenye kiti cha hakimu, na nadhani masumbufu yako yote matatu yametokea hapo. Anayejiona hakimu huona lazima asome jalada lote mbele ya watu, ndiyo maana ukasimulia filamu nzima. Huona lazima hukumu itoke siku hiyohiyo, ndiyo maana ukasema inachosha kabla hujajua kwa nini. Na akiletewa mshtakiwa anayemfahamu, humwonea haya na kumwachia.

Hebu hamia upande wa shahidi. Shahidi haulizwi amesoma mpaka wapi. Anaulizwa alikuwa amekaa wapi, aliona nini, alisikia nini, na ana uhakika kiasi gani. Maoni yako yatakuja, wala sikukatazi kuwa nayo, lakini yawe yameota kutoka kwenye ulichokiona, na msomaji aweze kuuona mzizi wake.

Kuhusu kidato cha nne, naomba nikukumbushe Sembène Ousmane, mwandishi na mwongozaji wa filamu wa Senegali. Aliacha shule mapema na kwenda kubeba mizigo bandarini Marseille, Ufaransa. Alikuwa tayari ameandika riwaya kadhaa kwa Kifaransa alipoona kwamba watu wa kwao, wale hasa aliotaka kuzungumza nao, wengi hawawezi kuzisoma. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa na umri wa karibu miaka arobaini, akaenda Moscow kujifunza filamu. Filamu ya Kiafrika imepitia mlango huo: ilitengenezwa ili imfikie mtu asiyekuwa na vitabu. Sasa itakuwaje mtu huyohuyo aambiwe hana haki ya kusema alichokiona?

Tena wewe una kitu ambacho mhakiki wa Paris hana. Chukua mfano huu. Filamu inaonyesha ziwa usiku, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa majini kama mji, na juu yake mwezi mpevu. Picha nzuri ajabu. Mgeni ataandika aya nzima kuusifu huo uzuri. Wewe uliyekulia karibu na ufukwe wa Kibirizi utashtuka mara moja, maana unajua dagaa hufuata taa, na mbalamwezi ikishamwagika ziwani taa ya mvuvi haina nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo siku hizo mitumbwi hukaa nchi kavu na nyavu hushonwa. Je, ni kosa? Inategemea filamu yenyewe imekuahidi nini. Kama ni filamu ya ndoto, mwongozaji ana ruhusa ya kuwasha mwezi na taa pamoja. Kama inajinadi kuwa inaonyesha maisha ya wavuvi jinsi yalivyo, basi umepata ushahidi kwamba aliyeitengeneza hakukaa nao. Andika hivyo, kwa utulivu, na ueleze kwa nini.

Ndivyo ilivyo pia kwa filamu za kumbukumbu, zile zinazosimulia mambo yaliyotokea kweli. Siku ukiletewa inayohusu MV Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, ikadai kwamba Waingereza ndio walioizamisha, una haki ya kusimama. Wajerumani waliizindua mwaka 1915, wakaizamisha wao wenyewe mwaka 1916 isiangukie mikononi mwa adui, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Mambo kama haya hayahitaji shahada ya filamu, yanahitaji mtu anayeishi hapo.

Sasa tuje kwenye giza uliloliona kwenye filamu ya pili, na hapa naomba uvumilie maelezo marefu kidogo, kwa sababu wahakiki wengi wanaoanza huanguka hapa, nami niliwahi kuanguka. Miaka mingi iliyopita niliandika kwamba filamu fulani ilipigwa na mtu asiyejua mwanga, nyuso zote nyeusi tii. Baada ya miezi kadhaa nikaiona tena kwenye ukumbi mwingine. Nyuso zilikuwa zinang'aa. Mafuta kwenye paji la uso wa mama yule, jasho la shingoni, vyote vilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokuwa kimekufa ni taa ya projekta ya ukumbi wa kwanza. Nilikuwa nimemlaumu mpigapicha kwa uchakavu wa mashine ambayo hajawahi kuigusa, na maneno yangu yalishasomwa. Sikupata namna ya kuyarudisha.

Kwa hiyo kabla hujaishutumu filamu, kagua ukumbi. Fika mapema. Ona kama dirisha lina upenyo unaoingiza mwanga wa nje, maana doa dogo tu la mwanga kwenye pazia la kuonyeshea filamu hula weusi wote wa picha. Muulize fundi taa ya projekta ina umri gani, kwa sababu projekta nyingi hupoteza mwanga kidogo kidogo na wenye nazo huzoea bila kujua. Kisha filamu ikianza, tafuta kitu cha duara: tairi la baiskeli, sinia, jua. Kama tairi limekuwa yai, picha imevutwa ili ijaze ukuta, na watu wote humo watakuwa wanene au wembamba kuliko walivyo. Hilo hurekebishwa kwa rimoti kwa dakika moja, na ukiliona ni vema umwambie fundi palepale kuliko kuliandika.

Kuna lingine ambalo hutokea pale ukumbi unapotumia televisheni kubwa badala ya projekta. Filamu kwa kawaida hupigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kubuni picha za ziada katikati ya zile halisi ili mwendo uteleze. Matokeo yake filamu inaonekana kama mpira au tamthilia ya mchana, watu wanateleza, na kila kitu kinakuwa na sura ya bei rahisi. Mtazamaji hajui kilichotokea, anasema tu "hii filamu imekaa kienyeji." Mwombe mwenye ukumbi auzime huo mpangilio. Na kama siku hiyo mvua ilikuwa inapiga bati, taja kwenye mapitio kwamba sehemu fulani hukusikia kwa sababu ya mvua. Shahidi husema alikuwa amekaa wapi.

Giza likishatoka, unabaki na yule mzee anayetembea. Kwanza, wakati mwingine tazama saa. Nasema hivi kwa uzoefu: tukio ambalo mtazamaji anaapa limechukua nusu saa, mara nyingi ukipima unakuta dakika nne au tano. Kuchoka hurefusha muda. Kwenye muvi tulizozoea vibandani, shoti moja, yaani kipande kimoja cha picha kisicho na mkato, hudumu sekunde mbili tatu, kisha inakatwa. Jicho limefundishwa hivyo: likimaliza kuona, linapewa kingine. Shoti isipokatwa, jicho hutafuta tukio, likilikosa hukasirika. Huo ndio uchovu uliousikia, na ni wa kweli. Lakini ukivumilia kidogo, hasira hupita, na jicho huanza kutangatanga kwenye picha kutafuta kazi. Tuseme linaona kwamba mzee anachechemea mguu wa kushoto. Linaona kivuli kimerefuka kuliko mwanzo, kumbe jioni inaingia. Linaona kwamba nyumba aliyoipita ina mlango uliofungwa kwa kufuli na majani yameota kizingitini. Mwongozaji alikuwa anakusubiri ufike hapo.

Namna ya kuandika ni kujiuliza jicho langu lilikwenda wapi. Kama kila dakika iliyoongezeka ilizidisha uzito wa mwendo wa yule mzee, sema, na utaje kilichozidi. Kama unaona shoti ingekatwa nusu na pasipotee chochote, sema hilo pia bila woga. Zipo filamu za polepole ambazo ndani hamna kitu, mwongozaji ameiga ukimya wa wengine akaacha sababu zao. Usizisujudie kwa kuwa zimetoka tamasha kubwa. Na neno "nilichoka" ruksa kuliandika, ila litaje pahala: nilichoka kuanzia pale mzee alipovuka mto, kwa sababu tangu hapo sikuona jipya. Mtu mwingine akisoma anaweza kujipima kama naye angechoka.

Filamu ya kijana wa Ujiji ndiyo iliyokunyima usingizi, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Kuna imani imeenea kwamba kazi ya nyumbani yenye bajeti ndogo isamehewe, tukimkosoa kijana tutamvunja moyo. Naielewa, na najua inatoka kwenye wema. Ila ina madhara mawili. Watazamaji watakuja kwa maneno yako, watakaa kwenye upepo ule wasisikie wazee wanasema nini, na Jumamosi ijayo hawatakuamini hata ukisifia kinachostahili. Na kijana mwenyewe ataingia kwenye filamu ya pili na kipaza sauti kilekile.

Ili umkosoe kwa haki, elewa kwanza kilichotokea. Ukisimama ufukweni Kibirizi na mzee akakusemesha, unamsikia vizuri ingawa kuna upepo, injini za boti na watu wanaopatana bei. Masikio yako yanapokea vyote hivyo, halafu akili inachagua sauti ya mzee na kuvisukuma vingine nyuma. Kipaza sauti hakina akili ya kuchagua. Hupokea vyote sawasawa, na kikiwa juu ya kamera hatua sita kutoka kwa mzee, upepo uko karibu nacho kuliko mzee alivyo. Tena upepo haufiki kama sauti ya kawaida, unakigonga kabisa kile kiwambo chembamba cha ndani, na mgongo wake mzito unafunika herufi nyepesi kama s, f na t ambazo ndizo zinazotufanya tutofautishe neno na neno. Kwenye kuhariri huwezi kuutoa wote bila kuharibu sauti ya mtu. Dawa yake ni ya siku ya kupiga picha: kipaza sauti kisogee karibu na mdomo, kivalishwe kile kifuniko cha manyoya, na mtu mmoja avae spika za masikioni asikilize wakati kamera inakwenda. La sivyo, wazee waitwe tena wayarudie maneno yao chumbani, yaingizwe juu ya picha.

Ukitazama vizuri, mengi hapo ni umakini kuliko fedha. Ndiyo maana bajeti ndogo haijibu kila kitu. Inajibu kwa nini filamu ina sehemu tatu tu za kupigia picha, kwa nini waigizaji ni ndugu na majirani, kwa nini hakuna tukio la usiku. Mambo hayo usimhesabie kosa, pengine hata yamemsaidia.

Na usiliache lile la mawese. Umesema hujalisahau, basi kaa nalo uliulize kwa nini. Yalikuwa yanateleza membamba au yanadondoka mazito? Wewe unajua mawese ya alfajiri ya kiangazi huganda, hadi jua liyapate ndipo yanalegea. Kama yalikuwa mazito, binti ameamka kabla ya jua, na filamu imekuambia hivyo bila mtu kufungua mdomo. Alitazama chupa au alitazama ziwa? Mkono ulitetemeka? Mimi sijaiona hiyo filamu, kwa hiyo hapa chini nabuni tu vipengele ili uone umbo, na wewe utaweka ulichokiona:

*"Aliyetengeneza filamu hii ni rafiki wa familia yetu, msomaji ajue hilo. Kuna binti anamimina mawese kwenye chupa alfajiri. Mafuta yameganda, yanashuka polepole, na yeye hana haraka, macho yake yako ziwani. Katika dakika hiyo moja nilielewa amesubiri siku ngapi. Bahati mbaya, wazee wanapokaa ufukweni kuzungumza juu ya baba yake, upepo umemeza maneno. Nilitaka sana kujua wanasema nini, na sikuweza. Filamu inayojua kusema kwa mikono kiasi hiki ilistahili kusikika."*

Tazama aya hiyo: sifa ni ya kweli, kosa ni la kweli, na hakuna mahali mtu ametukanwa. Sentensi ya kwanza, ya kutaja ujamaa, usiiruke. Mji ni mdogo, watu watajua tu, na ni bora walisikie kwako.

Unaweza pia kukataa kuandika kazi za watu wa karibu. Wapo wahakiki wanaofanya hivyo na nawaheshimu, lakini Kigoma ukifuata sheria hiyo hutaandika filamu ya nyumbani hata moja, na hakuna wa mbali atakayeziandika kwa niaba yako. Kwa hiyo ushauri wangu ni uandike, ukitaja uhusiano. Je, umwonyeshe kabla hujabandika? Mimi ningemwambia mapema kwamba mapitio yanakuja na yana jambo la sauti, ili asilikute mlangoni mbele za watu. Ningemuuliza pia maswali ya ukweli, kama vile tukio lilipigwa wapi na wale wazee ni akina nani. Kalamu nisingempa.

Kusimulia mwisho ni rahisi kuponya. Hadithi uieleze hadi pale tatizo linapojitokeza, mara nyingi ni ndani ya robo ya kwanza, kisha acha matukio uzungumzie namna: sauti, nyuso, mwendo, picha. Vibandani tulizoea kuulizana kama steringi anakufa, na kwenye filamu huru mara nyingi swali hilo halina hata uzito, ila mwenye kulipa kiingilio aachiwe alipate mwenyewe.

Nyota usitoe. Mwenye ukumbi akisisitiza, mwambie mtu akishaona nyota mbili mlangoni hasomi tena, na ukurasa wako wote umekwenda bure.

Kuna pahala ambapo maandishi yangu hayatoshi, utafute mtu wa kukaa naye. Lugha ikikugomea, mpelekee mwalimu wa fasihi wa sekondari iliyo karibu nawe: ana miaka anafundisha wanafunzi kutenganisha maudhui na fani, na hiyo ndiyo kazi yako. Kaa pia japo nusu siku na kijana anayehariri video za harusi hapo mjini, umwone akikata na kuunga, utaelewa mkato kuliko ninavyoweza kueleza. Ukipata nauli, Tamasha la Filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwepo tangu mwaka 1998. Ni safari ndefu, treni mpaka Dar kisha boti, lakini ukitazama filamu nne kwa siku na kubishana na watu usiku unarudi na macho mengine.

Mambo mawili yasingoje. Ikiwa filamu inamtuhumu mtu aliye hai, au wewe unataka kuandika kwamba mwongozaji ameiba kazi au hakuwalipa waigizaji, hapo umetoka kwenye filamu umeingia kwenye tuhuma. Usiitume kwenye WhatsApp kabla hujaonana na mwanasheria, kwa kuwa kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na taarifa isiyo ya kweli inaweza kukufikisha pabaya. La pili ni filamu za vita na wakimbizi. Mkoa wako una kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, na kwenye viti vya ukumbi huo watakaa watu walioyapitia. Katika mapitio, taja wazi kwamba kuna matukio ya mauaji au ubakaji ili mtu achague. Na ukiona mtazamaji ameganda au analia kwa namna isiyo ya kawaida, mtoeni nje taratibu, mtu anayemwamini akae naye, na kama hali haitulii apelekwe kituo cha afya akaonane na mhudumu anayeshughulika na afya ya akili.

Kwa sasa mwombe mwenye ukumbi aionyeshe tena ile ya Ujiji. Kaa katikati, safu ya tatu au ya nne, chukua daftari, na uandike vitu vitano ulivyoviona na vitatu ulivyovisikia kabla hujaandika neno zuri au baya. Kisha toa ile karatasi ya mlangoni, ubandike mpya, na uandike juu yake kwamba umeiona mara ya pili.